Mwaka wa Gari la Viti Viwili

Mwezi uliopita tulimzika Fundi Mafuru kwao Bukima. Nilifika kwa bodaboda kutoka Musoma mjini, nikakaa na wanawake upande wa jikoni, nikasikiliza historia ya marehemu ikisomwa kwenye spika iliyokuwa inakatakata. Ilisomwa kwamba alisoma hadi darasa la saba, kwamba alitengeneza mitumbwi ya faiba ambayo wavuvi wa pale bado wanaitumia, kwamba ameacha mjane, watoto na wajukuu. Kisha msomaji akakunja karatasi. Nilishtuka, nikaweka kikombe cha chai chini. Hakuna aliyetaja gari. Mtu ametoa mwaka mzima wa nguvu zake kwa gari moja, likampandisha na likamwangusha, halafu anashushwa kaburini kama mtu ambaye hakuwahi kuligusa. Nikatazama watu waliokaa chini ya turubai, nikaona nusu yao hawajui na nusu nyingine wamenyamaza kwa adabu. Mimi nilijua kuliko wote, na mimi pia nilinyamaza. Ninaandika sasa kwa sababu katika kunyamaza kule kulikuwa na sehemu yangu.

Mwaka wa gari lile nilikuwa na miaka ishirini na minne. Habari za kwetu na wazazi wangu sitazieleza, hawakuwa na mkono katika jambo hili. Nilipanga chumba kimoja Kigera, chenye dirisha dogo lililotazama ukuta wa jirani, na kila asubuhi nilitembea hadi Mwisenge, kwenye banda la Fundi Mafuru. Lilikuwa banda refu la mabati, upande mmoja uko wazi kuelekea ziwani, na ndani mitumbwi imelala kifudifudi kama ng'ombe waliochoka. Tulikuwa watatu: Fundi mwenyewe, mimi, na Mugeta, kijana mrefu wa Bunda aliyekuwa hawezi kupiga msasa bila kupiga na domo. Mimi nilikuwa natandika faiba. Unatandaza kitambaa cha nyuzi za kioo juu ya kalibu, yaani umbo la kufyatulia, unakimiminia gundi ya rezini iliyochanganywa na dawa ya kukausha, unakandamiza kwa brashi na roli mpaka kila pumzi ya hewa itoke, halafu unatandika tabaka la pili. Vumbi lake linawasha kuliko upupu, na harufu yake nililala nayo kwenye nywele. Lakini nilikuwa na mkono mzuri. Fundi alikuwa akipitisha kiganja juu ya kazi yangu bila kusema kitu, na kwangu ile ilikuwa sifa ya kunitosha wiki nzima.

Magari yalikuwa yameanza mwaka mmoja kabla. Niseme vizuri, maana watu wengi hawakuelewa hata wakati ule: hatukuwa tunauza gari. Tuliuza ganda la gari na vipande vyake, seti nzima, na mchoro wa kufungia. Mwenye gereji alichukua seti, akatafuta saluni kuukuu, gari dogo la kawaida, akaivua bati lake lote, ikabaki chesisi, injini na magurudumu, akaivisha ganda letu. Ganda la kwanza lilikuwa la wazi, umbo la jeep ya jeshi, na lilichukuliwa na Wambura, mwenye gereji pale Bunda, mtu mnene mwenye sauti ya mnadani. Alichukua seti tatu. Halafu siku moja akaja mwenyewe Musoma, akasimama katikati ya banda na kofia mkononi.

"Fundi, jeep watu wameshazizoea," akasema. "Sasa nataka spoti. Gari ambalo likipita Bunda, muuza nyanya anasahau chenji."

"Spoti ya nini, kaka," Mugeta akadakia, "na barabara yenyewe ina ng'ombe?"

"Ya harusi, mjinga wewe. Nani atakimbia na bibi harusi?" Wambura akamgeukia Fundi. "Mdogo wangu Marwa anaoa Butiama mwaka huu. La kwanza limbebe yeye. Watu wakiliona, nachukua kila seti utakayotoa. Umbo chagua mwenyewe, wewe ndiye unajuaga."

Umbo chagua mwenyewe. Nikikumbuka neno hilo sasa naona jinsi lilivyokuwa zito, ingawa siku ile tulicheka na kunywa soda. Tulikuwa na mapipa mawili ya rezini, basi. Na rezini haivumilii, ni kama maziwa. Kwenye joto la lile bati ilikuwa imeanza kuwa nzito ndani ya pipa lenyewe. Kutengeneza kalibu ya umbo jipya kunakula rezini kuliko gari lenyewe. Mapipa yale yangetoa kalibu moja na maganda machache. Tukichagua vizuri, Wambura angechukua, na banda lingeishi. Tukikosea, hakuna kalibu ya pili, na mitumbwi tulikuwa tumeshaiacha ili tupate nafasi. Fundi alilijua hilo. Alikuwa anakula kidogo siku zile.

Maumbo yalikuwa mawili, ameyachora kwa mkaa ukutani, kila moja refu kama mtu aliyelala. Moja lilikuwa la chini, lenye pua ndefu na mdomo mpana wa kuvutia hewa, viti viwili, halina paa. Fundi alilitoa kwenye picha ya kalenda ya zamani, mwanamume kashika usukani na mwanamke pembeni yake kafunga kitambaa kichwani. Mugeta aliliita Sangara. La pili lilikuwa na mgongo wa duara, paa, na viti vinne, na hilo aliliita Kobe. Kila siku mchana, tukikaa kwenye mbao na sinia la ugali wa muhogo katikati, habari ilikuwa hiyo hiyo.

"Kobe ni la pasta," Mugeta alisema huku akivunja kichwa cha sato. "Anaenda nalo kubatiza. Harusi ni Sangara."

"Kobe lina nafasi," Fundi alisema.

"Nafasi ya nini? Wanaooana ni wangapi, Fundi? Kwenu Bukima wanaoana wanne wanne?"

Fundi alicheka, na alikuwa si mtu wa kucheka ovyo. Nilijua moyo wake uko wapi. Alikuwa akimaliza kula anasimama mbele ya Sangara, si mbele ya Kobe. Na moyo wangu ulikuwa huko huko, kwa sababu aliniambia siku moja, wakati Mugeta ameenda kuchota maji, "Bhoke, tukifanya hili la chini, pua yake utaitandika peke yako. Mimi mkono wangu sasa unatetemeka kwenye kona." Hakuna mtu aliyewahi kunipa kazi ya namna hiyo. Nilitembea hadi Kigera jioni ile sioni watu njiani.

Ili kuamua, Fundi alichora Sangara chini, kwenye sakafu, kwa chaki, kwa ukubwa wake kamili, akaweka viti viwili vya mbao ndani ya mchoro. Akasema tukae tuone kama panaenea. Mugeta akawa bwana harusi, mimi bibi harusi na overoli yangu. Mugeta alichukua kifuniko cha sufuria akakishika mbele yake kama usukani, akawa ananguruma na mdomo, anapiga honi, anasalimia watu wa Butiama kushoto na kulia.

"Mke wangu, shikilia shela, tunapita kona!"

"Bibi harusi, umeenea?" Fundi aliuliza.

"Nimeenea, Fundi."

Na kweli nilikuwa nimeenea. Tulikuwa watu watatu wazima pale, tumekwenda harusi nyingi, na tulitazama kiti kimoja na kingine tukaona mambo yametimia.

Nilitoka nje kunawa mikono. Pipa la maji lilikuwa nyuma ya banda, limegusana na ukuta wa bati wa jiko la Mama Masatu, mke wa Fundi, aliyekuwa anatupikia. Mimi na yeye hatukuwa na ugomvi, ila hakunipenda sana. Aliwahi kusema nikisikia kwamba mwanamke anayepikiwa na mwenzake huku ana mikono yake miwili ni mwanamume. Mchana ule alikuwa anaparua samaki na jirani yake, nasikia kisu kikikwaruza magamba, na wanacheka.

"Umeona walichochora?" alikuwa anamwambia mwenzake. "Viti viwili. Bwana harusi na bibi harusi."

"Si ndiyo?"

"Sasa dereva atakaa wapi? Au atampakata bibi harusi?"

Wakacheka mpaka mmoja akakohoa. Mimi nilisimama na povu la sabuni kwenye viwiko. Tangu nizaliwe sijaona bwana harusi wa kwetu akijiendesha siku ya harusi yake. Wengi hata hawajui kuendesha. Bwana harusi anakaa nyuma na mkewe, katulia, haruhusiwi hata kucheka sana, na mbele kuna dereva, na pembeni ya dereva kuna mpambe. Ni jambo ambalo mtoto wa miaka mitano anaweza kulihesabu. Sisi tulikuwa tumeihesabu picha ya kalenda.

Nilirudi ndani. Fundi alikuwa amechuchumaa kando ya mchoro na chaki mkononi. Alinitazama, na nakumbuka kila neno, maana nimelirudia katika kichwa changu miaka hii yote. "Bhoke," akasema, "wewe ndiye utakayekuwa na hii kazi mikononi. Na wewe ni mwanamke, harusi mnazijua kuliko sisi. Kuna kitu hatujakiona?"

"Hakuna, Fundi," nikasema.

Sitafuti sababu nzuri. Sikusahau, na sikuwa na haraka. Nilikuwa naiona ile pua. Nilikuwa naiona imetoka kwenye kalibu inang'aa na watu wanauliza ni nani ameitandika. Na kulikuwa na kingine kidogo zaidi, kwamba sikutaka Mama Masatu awe ndiye aliyeona. Nilijiambia Marwa atajifunza kuendesha, miezi ipo. Nilijiambia dereva atafute namna. Mtu akitaka kitu sana anapata maneno mengi ya kujiambia. Kesho yake asubuhi Fundi alichukua tambara lenye maji akafuta Kobe ukutani.

Kazi ilichukua miezi mingi. Umbo lilijengwa kwanza kwa mbao na plasta, likapigwa msasa mpaka uso wa mtu ukaonekana ndani yake, ndipo tukatoa kalibu. Tulianza na alfajiri, kabla jua halijapasha bati, maana mchana rezini ilikuwa inaganda kwenye ndoo kabla hujaifikisha. Pua niliitandika peke yangu kwa siku mbili, nimepiga magoti, na Mugeta ananichanganyia ndoo kwa ndoo, safari hii kimya. Siku tuliyolitoa ganda kwenye kalibu tuligonga vipande vya mbao kuzunguka ukingo, likalia kwa sauti kama mti unaokatika, likaachia. Tulilinyanyua watatu. Lilikuwa jekundu, jepesi, halina hata tundu la sindano. Fundi alipitisha kiganja juu ya pua kutoka mwanzo hadi mwisho, akarudia, halafu akageuka akatazama ziwa ili tusimwone uso. Mama Masatu alikuja mlangoni na mwiko mkononi. Akasimama muda mrefu. "Limependeza," akasema, akarudi jikoni. Nilishangaa kwamba hakusema zaidi.

Lilipelekwa Bunda juu ya lori, limefungwa magodoro. Wambura aliivisha chesisi, akapiga picha, akatuma salamu kwamba Bunda nzima imesimama. Kuhusu nani ataendesha sikusikia mtu akisema, na sikuuliza. Siku ya harusi tulikwenda Butiama watatu, tumevaa vizuri, Fundi na koti lake la kanisani. Gari lilikuwa mbele ya kanisa, limezungushiwa riboni nyeupe, na watoto wameizunguka pua yangu wanajitazama. Niseme ukweli, kwa ile saa ya ibada nilikuwa na furaha kuliko siku yoyote ya maisha yangu.

Walipotoka, vigelegele vikapanda, mchele ukarushwa, na Marwa, mwalimu mwembamba mwenye suti nyeupe, akamshika mkewe mkono wakaja hadi kwenye gari. Wambura alikuwa ameshakaa kwenye usukani, ametabasamu. Marwa akafungua mlango, mkewe akaingia na shela lake likajaza kila kitu mpaka dashibodi. Marwa akabaki amesimama. Akatazama nyuma ya viti, kama mtu anayetafuta mlango mwingine. Mpambe alikuwa ameshika ncha ya shela, naye anatazama. Vigelegele vikakatika kimoja kimoja.

"Kaka, shuka niendeshe," Marwa akasema polepole.

"Utaendesha nini? Hata baiskeli unaangukaga," Wambura akajibu, bado anatabasamu, halafu tabasamu likamtoka. Nilimwona akihesabu. Midomo yake ilitikisika.

Nilimtazama Fundi. Sijawahi kuona uso wa mtu ukiondoka namna ile. Hakuangalia gari. Alikuwa anaangalia vidole vyake.

Walifanya walichoweza. Bibi harusi alitangulia na Wambura kwenye gari jekundu, na Marwa akapanda nyuma ya pikipiki ya katekista, akafuata ndani ya vumbi lao. Kwenye ukumbi walikuwa wazee na akina mama wa upande wa bibi harusi ambao hawakuja kanisani na Marwa walikuwa hawamjui kwa sura. Gari lilipoingia, wakalizunguka kwa nyimbo, wakamvisha Wambura shada, wakamwita mkwe. Alipiga kelele kwamba si yeye, na nyimbo zikammeza. Kisha pikipiki ikafika, na suti nyeupe imekuwa rangi ya udongo. Shangazi mmoja wa bibi harusi, mwanamke mrefu mwenye fimbo, akauliza kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia:

"Ng'ombe waliokuja kwetu walikuwa wa huyu, au wa yule wa gari?"

Bibi harusi alilia ndani ya shela lake, na hakushuka mpaka baba yake alipokuja kumshika mkono mwenyewe. Sherehe iliendelea, chakula kililiwa, lakini neno lile lilishaingia watu midomoni. Miezi iliyofuata Marwa akipita Bunda walikuwa wanamwuliza kama bwana harusi hajambo, wakimaanisha kaka yake. Wale ndugu wawili waliacha kusalimiana. Wambura alilivua ganda kutoka kwenye chesisi akalirudisha Mwisenge kwa lori lilelile, bila magodoro, na kofia yake hakuivua. "Fundi," alisema, "sikulaumu. Ila usinitajie tena." Hakuna gereji nyingine iliyolitaka. Mapipa yalikuwa matupu.

Fundi Mafuru hakumlaumu mtu. Njiani kutoka Butiama alisema neno moja tu, "Nilihesabu wawili," na tulipokaribia Musoma akaongeza, "Kosa ni langu, mimi ndiye fundi." Nilikuwa nimekaa karibu naye, bega kwa bega. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Mugeta aliondoka kwanza, akaenda kuvua. Mimi niliondoka kabla mwaka haujaisha, nikaanza kuuza rangi na msasa kwenye meza, na leo nina duka langu dogo hapohapo Mwisenge. Fundi alirudi Bukima akawa anaziba mitumbwi ya watu matobo. Kila nilipokutana naye aliuliza habari za mikono yangu, kama bado haitetemeki.

Siku ya tatu baada ya mazishi, wageni walipopungua, nilikaa na Mama Masatu nyuma ya nyumba tukimenya muhogo. Amezeeka, macho yake hayaoni vizuri, lakini kisu anakiendesha kwa kidole tu. Nilikuwa nimejiapia sitarudi Musoma na jambo hili. Nikamwambia, "Mama, siku ile mmekaa na jirani mnaparua samaki, ulisema dereva atakaa wapi. Nilikuwa kwenye pipa la maji. Nilikusikia. Fundi aliniuliza palepale, na sikumwambia."

Alimaliza muhogo aliokuwa nao, akaudumbukiza kwenye beseni.

"Mimi nilimwambia," akasema.

Sikuelewa.

"Nilimwambia siku hiyohiyo, alipokuja kuchukua maji ya kuoga. Nilimwambia, baba Masatu, bwana harusi haendeshagi, ongeza viti. Akaniambia, nimemuuliza Bhoke, amekaa kwenye kiti chenyewe, amesema hakuna kitu. Akaniambia, Bhoke hadanganyagi." Akasukuma beseni kwa mguu. "Nikasema basi, huenda mimi wa jikoni sijui. Ndiyo maana gari lilipotoka sikusema kitu."

Miaka yote hii nilidhani nilizuia neno lisimfikie. Kumbe lilimfika, kutoka kwa mke wake, akalipima na langu, akachukua langu.

"Alilisemaga hilo hata akiwa mgonjwa," Mama Masatu akaendelea. "Akisema, hata Bhoke hakuona, na Bhoke ndiye alikuwa na macho kuliko sisi wote. Lilikuwa linampoza. Kwamba na wewe hukuona." Alishika muhogo mwingine, akaugeuza mkononi akitafuta pa kuanzia, na kwa mara ya kwanza kisu kikasimama. "Kumbe ulinisikia."

"Nilikusikia, Mama."

Akanigeuzia yale macho yake yasiyoona vizuri. Hakuwa na hasira usoni.

"Basi," akasema, "afadhali ametangulia."